Kuufuata Mto Sabaki hadi Ukuta wa Thwake

Jumamosi: Kisauni hadi Mambrui

Maji ya bomba ya huku kwetu kaskazini ya Mombasa, siku yanapotoka, hutoka Baricho, kwenye visima virefu vilivyochimbwa kando ya Mto Sabaki nyuma ya Malindi. Sabaki ni jina la mwisho la mto huo. Ndani ya Tsavo waitwa Galana, na juu zaidi, Ukambani hadi karibu na Nairobi, ni Athi. Mto ni huohuo, wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Na tangu 2018, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, pamekuwa pakijengwa ukuta wa mawe wenye kimo cha mita 80.5.

Nasomesha jiografia katika shule ya upili. Somo la mabwawa likifika, wanafunzi hunitajia Masinga na Kiambere na Turkwel bila kufungua kitabu. Thwake hawaitaji. Nami naona ndilo bwawa linalotugusa sisi wa Pwani kuliko hayo yote, kwa sababu limewekwa juu ya mto tunaokunywa. Basi likizo hii ya Agosti nimekata shauri kuufuata mto kuanzia unapomwagikia baharini hadi kwenye ukuta wenyewe.

Mwenzangu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Ni dereva wa malori, kwao Kathonzweni, Makueni, na mama yake bado anaishi huko. Gari ni lake. Baada ya alfajiri tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, tukaondoka. Vijana wa mikokoteni walikuwa washajipanga kwenye kioski cha maji na mitungi yao ya lita 20. Mombasa yahitaji takriban mita za ujazo 200,000 za maji kwa siku, na haipati hata nusu. Upungufu huo ndio mikokoteni, ndio visima vya maji ya chumvi, ndio kipindupindu kinachoturudia mvua zikinyesha vibaya.

Mtwapa, Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, Gede. Njia hii kila mtu wa Pwani aijua, sitaieleza.

Malindi tulisimama ufukweni. Wazee wa hapa watakwambia kwamba bahari ilikuwa karibu zaidi na mji. Ni kweli: udongo unaoletwa na Sabaki umejaza ghuba, na ufuo umepanuka mwaka baada ya mwaka tangu miaka ya 1960, hata mtu aliyejenga nyumba mbele ya bahari akajikuta yuko nyuma ya uwanja wa mchanga. Msimu wa mvua maji ya ghuba hugeuka mekundu, na matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, hupata taabu kwa tope. Leo kusi inavuma na maji yana rangi ya majani makavu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi daraja la Sabaki. Tuliliacha gari tukateremka kwa miguu kuelekea mlangoni mwa mto. Mto wenyewe mwezi huu ni mwembamba, umejikunyata upande mmoja wa kitanda chake kipana, na matope yaliyoachwa wazi yamejaa ndege. Viboko watatu walikuwa wamezama, masikio tu juu. Mikoko michanga imeota kwenye tope jipya, mahali ambapo kijana mmoja mvuvi alituambia alipokuwa mdogo akitupa nyavu.

Shemeji aliinama, akachota udongo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba. "Huu wa kwetu huu, shemeji," akasema. "Mwekundu hivi ni wa milima ya Machakos na Mbooni."

Sikumbishia. Kila msimu wa mvua mashamba ya mteremkoni Ukambani hupoteza udongo wa juu, na njia yake ni hii. Tumelala Mambrui.

Jumapili: Baricho

Barabara ya kwenda lango la Sala hupita Kakuyuni na Langobaya. Minazi inaisha upesi, vichaka vinaanza, vumbi linaanza. Mabomba ya maji yanapita chini ya ardhi upande wetu, nasi tunayafuata kinyume.

Ukifika Baricho ukitarajia kuona bwawa au ziwa, hutaona. Huoni hata mfereji. Unaona mto uliojaa mchanga, na kando yake vyumba vidogo vya pampu vilivyozungushiwa waya. Siri yote iko chini. Chini ya mchanga na kokoto za mto huu kuna hazina kubwa ya maji, ambayo mto wenyewe huijaza kila unapopita. Pampu huyavuta kutoka humo, na kwa kuwa yameshapenya mchangani, tope limebaki juu. Yakishatiwa dawa husukumwa kwenye mabomba hadi Malindi, Kilifi, na mwisho kwenye matangi ya Nguu Tatu, ambako ndiko hugawanywa huku kwetu.

Jambo hili nataka mtu wa Mombasa alielewe vizuri, kwa sababu ndilo lililonitoa nyumbani. Visima vya Baricho si visima vinavyojitegemea. Mto ukipita, mchanga unakunywa. Mto usipopita, tunavuta akiba. Mafuriko yanayotutia hofu kwenye taarifa ya habari ndiyo yanayotanda juu ya mchanga mpana na kuujaza kwa wingi. Sasa mtu akijenga ukuta huko juu akazuia mafuriko, je, mchanga wa Baricho utajazwa na nini? Jibu linaweza kuwa zuri. Bwawa linaloachilia maji taratibu mwaka mzima laweza kuufaa mchanga kuliko furiko la siku chache na kiangazi cha miezi. Lakini hilo litategemea mkono unaofungua vali, na nani anamwangalia mwenye mkono huo.

Tuliteremka mtoni mbali kidogo na pampu. Wanawake wa Kigiriama walikuwa wamefukua mashimo mchangani wakichota kwa kata na kujaza madumu, watoto wakiangalia mamba. Mmoja, mtu mzima wa umri wa mama yangu, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kwa nini asichote mtoni penyewe. Akasema maji ya mto yana harufu miezi ya kiangazi, ya shimoni ni matamu. Anakaa mahali ambapo akigeuza shingo anaona waya wa chumba cha pampu, na bomba linampita chini ya miguu kwenda mjini. Nimekaa na jambo hilo jioni nzima. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haikusema kila mtu wa mjini.

Jumatatu: Galana, ndani ya Tsavo

Tumeingia lango la Sala asubuhi na mapema tukaufuata mto, kisha tukauacha kwenda Voi. Ni safari ya siku nzima, kwa sababu barabara ya mbuga haitaki haraka. Mto uko kulia kwetu karibu muda wote, na mikoma imesimama kingoni. Ng'ambo, kabla ya mpaka wa mbuga, ni nchi ya Galana-Kulalu, ambako serikali ilizindua mradi wa kilimo cha umwagiliaji mwaka 2014 kwa matumaini makubwa ya mahindi. Nao unakunywa mto huuhuu. Niliandika daftarini: Thwake, Galana-Kulalu, Baricho, kisha bahari.

Mchana tulifika maporomoko ya Lugard. Yalipewa jina la Frederick Lugard, Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1890. Si maporomoko ya kuanguka kutoka juu. Mto wote, uliokuwa umetanuka kwa uvivu, unabanwa ghafla kwenye ufa wa miamba, na miamba yenyewe imechongwa na maji kwa maelfu ya miaka mpaka imekuwa na mashimo na mikunjo, myeupe, myeusi, mingine ya waridi. Hapa mtu huruhusiwa kushuka garini. Nilisimama sana. Chini kidogo mamba wamelala kwenye vidimbwi, na kelele za maji ni kubwa kuliko ukubwa wa mto mwenyewe.

Upande wa kaskazini unaona Yatta: uwanda ulionyooka kama umekatwa kwa upanga, mabaki ya lava iliyotiririka karibu kilomita 300 kutoka pande za Ol Donyo Sabuk. Athi imetembea ubavuni mwake njia ndefu kabla ya kufika hapa. Na kabla ya hapa pia ndipo Mto Tsavo unapoingia, na kutoka hapo jina linabadilika kuwa Galana. Mto Tsavo nao hulishwa na chemchemi za Mzima, ambazo Mombasa inazinywa moja kwa moja kwa bomba tangu miaka ya 1950. Kwa hivyo mji wetu umeutia mto huu mirija miwili.

Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa vumbi lile. Tuliwasubiri wavuke. Voi tumefika jua limezama.

Jumanne: Voi hadi Kathonzweni

Barabara kuu ya Mombasa-Nairobi, malori, reli ya SGR ikipita juu ya madaraja yake marefu. Shemeji anaijua kila kona na kila mzani. Kwenye daraja la Mto Tsavo alipunguza mwendo bila kuombwa. Simba waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 ndio hadithi ya mahali hapa kwa watalii. Mimi nilikuwa natazama maji. Yako kidogo na ni maangavu, maji ya chemchemi yaliyochujwa na lava ya milima ya Chyulu. Nilitamani ningeweza kuyaweka chupa mbili kando kwa kando, haya na ya Athi.

Mtito Andei tulipata chai. Kibwezi, mibuyu. Makindu tulikula katika hekalu la Masingasinga, ambalo hulisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini wala kumdai senti. Tulikaa chini pamoja na madereva na familia zilizokuwa zikielekea Nairobi, tukapewa dengu na chapati. Mwenyezi Mungu awalipe.

Kutoka Makindu tuliacha barabara kuu tukashika ile ya Wote. Nchi inapandapanda. Mashamba yamekatwa matuta ya fanya juu, hata kwenye mteremko ambao mtu wa Pwani angeuona hauna faida. Mahindi yaliyobaki shambani ni makavu. Mvua wanayoitegemea hapa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika huku si ya kuaminika. Mchanga wa mito unachimbwa na kubebwa kwenda kujenga miji, na uchimbaji huo umekausha mito mingi ya Ukambani, kiasi kwamba Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Huku mchanga ni ghala la maji, sawa na Baricho. Watu hujenga kizuizi kifupi cha zege kukata mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakabaki humo mbali na jua. Unafukua unachota.

Mama yake shemeji alitupokea na muthokoi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, umekuja kuangalia maji yetu au yenu?" aliniuliza. Nikamwambia: yetu, Mama. Akacheka, akaniongeza chakula.

Jumatano: Ukuta

Kutoka Kathonzweni hadi Mavindini ni barabara ya vumbi iliyopondwa na malori. Ukuta unauona ghafla. Unatoka nyuma ya kilima, na bonde lote la Athi mbele yako limezibwa.

Nilikuwa nimesoma takwimu zake mara nyingi. Hazikunitayarisha. Huu si ukuta wa zege uliosimama wima, wa aina ya Turkwel uliojipinda kwenye korongo lake. Ni mlima uliolala kati ya milima miwili, umepana chini na kukonda juu, wa mawe matupu upande wa chini ya mto. Upande wa juu, utakaokabili maji, umefunikwa bamba la zege kutoka mguuni hadi ukingoni, laini, la kijivu. Watu wanaotembea juu yake wanaonekana wadogo sana.

Tulipewa ruhusa ya kutazama kutoka mahali pa wageni, na kijana mmoja wa Kitui anayefanya kazi ya vipimo alikuja kuzungumza nasi. Akaniita mwalimu baada ya swali langu la pili. Nilimuuliza mengi, naye alikuwa na subira.

Kwanza, kwa nini mawe? Kwa sababu mawe yako hapahapa. Miamba ya Ukambani ni ya kale na migumu, hulipuliwa kwa baruti karibu na eneo la ujenzi na kubebwa kwa malori mwendo mfupi tu. Zege tupu ya kimo hiki ingetaka simenti ya kupakia meli. Mawe humwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likanyunyiziwa maji na kushindiliwa na mashine nzito inayotetemeka, kisha linafuata jingine. Hayamwagwi ovyo. Karibu na bamba la zege huwekwa kokoto ndogo zilizochaguliwa, nyuma yake kubwa kidogo, halafu majabali. Ni kifumbu cha tui kilichopangwa kulala ubavu: maji yakipata upenyo kwenye zege, yanachujika kupita bila kuondoka na chembe za ukuta, yanatoka chini, na wanayapima. Uzito wa mawe ndio unaolizuia ziwa. Bamba kazi yake ni kuziba tu, na mguuni limefungwa kwenye kitako cha zege kilichoshikwa na mwamba wenyewe, na nyufa za mwamba zikapigwa sindano za simenti ili maji yasipite chini kwa chini.

Pili, nini chaweza kuuangusha? Hapa alinyoosha kidole upande wa njia ya kumwagia maji ya ziada, mteremko mpana wa zege kando ya ukuta. Ukuta wa mawe huvumilia mengi. Hutulia kidogo kidogo kwa uzito wake bila kupasuka, hata tetemeko haliutishi sana. Lakini maji hayatakiwi kabisa kupita juu ya kichwa chake, kwa sababu yatayang'oa mawe ya upande wa pili moja baada ya jingine. Kwa hivyo njia ile ya ziada lazima iweze kubeba furiko kubwa kuliko lolote ambalo mto umeshawahi kuonyesha. Nilifikiri juu ya Solai, Nakuru, Mei 2018, bwawa la udongo lilipopasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Bwawa lile lilikuwa dogo mno ukilinganisha na hili. Chini ya Thwake wako watu wa Kibwezi na Kitui Kusini, halafu mbuga, halafu Baricho, halafu Malindi.

Ziwa likijaa litakuwa na mita za ujazo milioni 688. Masinga lina milioni 1,560. Nilipiga hesabu juu ya goti: kwa mahitaji ya Mombasa ya siku, milioni 688 ni zaidi ya miaka tisa. Bila shaka si hesabu ya kweli, maana jua la hapa litachukua fungu lake, na maji yenyewe yamepangiwa kazi nyingine. Yamepangiwa watu wa Makueni, Kitui na Machakos, pamoja na mji mpya wa teknolojia wa Konza, wanaokadiriwa kuwa milioni 1.3. Yamepangiwa umeme wa megawati 20. Na awamu ya mwisho ni umwagiliaji wa hekta 40,000 upande wa chini. Sina kinyongo hata kidogo na mipango hiyo. Nimelala katika nyumba ambayo maji huja kwa punda. Anayeona Ukambani wanapendelewa na aje ateke siku moja.

Swali la tatu ndilo lililonileta. Nikamuuliza: je, mto utapita? Akasema ndiyo, kuna kiasi ambacho ni lazima kiachiliwe muda wote. Nikamwambia naijua sheria hiyo. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kila mto ubakiziwe akiba ya watu wanaokunywa na ya viumbe wanaoishi humo kabla ya mtu kupewa kibali cha kutumia. Ninachotaka kujua ni kiasi gani kwa mwezi gani, na nani wa Pwani atakayeambiwa. Kijana alinyamaza kidogo akatazama mto. Akasema kupima ni kazi yake. Kutangaza si yake.

Jibu lake ni la haki, naye sikumbana zaidi.

Halafu kuna uchafu. Mto Nairobi, uliokusanya Ngong na Mathare, huingia Athi, na pamoja nayo majitaka ya mji wa mamilioni na viwanda. Mto unaokimbia hujisafisha kiasi kwa hewa, mawe na mchanga. Ziwa halikimbii. Mbolea ya majitaka ikikaa kwenye maji yaliyotuama chini ya jua hili, gugu maji hukaribishwa. Tumeliona Nairobi Dam pale Kibera lilivyofunikwa mpaka likawa shamba la majani. Na maji yakitolewa kutoka chini ya ziwa, mahali hewa haifiki, yataingia mtoni yakiwa na harufu, na yule mama wa Baricho ndiye atakayeisikia wa kwanza. Kuna njia za kuepuka: milango ya kutolea maji katika vina tofauti, kupima kila wiki, na zaidi ya yote kuyatibu majitaka huko yanakotoka. Ukuta ukiwa umeshasimama, hilo la mwisho ndilo lililobaki lenye uzito mkubwa.

Jioni tulikaa na mzee mmoja ambaye shamba lake lilikuwa bondeni. Amejenga upya juu ya kilima. Alituonyesha kwa fimbo mahali palipokuwa na miembe iliyopandwa na baba yake, na mahali walipofukua makaburi matatu ya ukoo wakayahamishia juu, kwa sala na kwa mbuzi. Nilimuuliza kama ana majuto. Akaniambia wajukuu zake wanasafiri kwenda shule wamebeba maji mgongoni, na kama ziwa litaondoa hilo, marehemu wamekubali. Lakini bomba lifike kwake kabla ya kufika Konza. Alisema hilo mara mbili.

Alhamisi: Kathonzweni

Hatukwenda mbali leo. Asubuhi tulisaidia kuchimba mtaro wa tuta jipya shambani kwa Mama. Unachimba, unatupa udongo upande wa juu, ndiyo maana ya fanya juu, na mvua ya vuli ikija tuta linaukamata udongo. Mikono yangu ya chaki imechubuka.

Nilikuwa nikifikiria tope. Masinga imepoteza sehemu ya nafasi yake kwa udongo ulioteremka kutoka mashamba ya juu, na Thwake litapata uleule mwekundu tuliouona Mambrui. Kila toroli la udongo litakalotua nyuma ya ukuta ni nafasi ya maji iliyokwenda. Ghuba ya Malindi itapumua, matumbawe yataona mwanga, wenye hoteli watafurahi. Lakini mikoko ile michanga ya mlangoni mwa mto imeota juu ya tope hilo, na kingo za mto chini ya bwawa zikikosa udongo mpya zitaliwa. Sijui mizani itaangukia wapi miaka 30 ijayo, ila najua kwamba mtaro huu wa shambani na ufuo wa Malindi ni kazi moja. Anayelipia matuta Machakos na Makueni analinda bwawa na analinda Pwani, na ingekuwa haki kaunti zetu za chini zichangie.

Mama alinipa asali na kunde za kupeleka kwa bintimkwe wake.

Ijumaa: Kurudi

Tuliondoka usiku ili tuwahi swala ya Ijumaa Mombasa. Voi kulikuwa na foleni ya malori, Mariakani nyingine kwenye mzani. Mazeras tulipita kando ya matangi yanayopokea bomba la Mzima, na hapo ndipo tulipozungumza hasa, gari likiwa limesimama kwenye msongamano.

Nilimwambia shemeji ninachotaka kufanya. Kwanza, kuandika barua, pamoja na walimu wenzangu na imamu wa msikiti wetu, kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa bunge la kaunti, kuomba mambo mawili yasiyo makubwa: kiasi cha maji yatakayoachiliwa Thwake kitangazwe kila mwezi Malindi na Mombasa kama kinavyotangazwa Makueni, na vipimo vya usafi wake vibandikwe Baricho, mahali yule mama na wenzake wanaweza kuviona. Pili, vyama vya watumiaji wa maji wa Sabaki na wale wa Athi wakae meza moja angalau mara moja kwa mwaka. Leo wanakutana mtoni tu, na mto hausemi.

Shemeji akasema barua ni sawa, ila safari haijaisha. Uchafu hauanzi Thwake. Likizo ya Desemba ana mzigo wa kupeleka Thika. Anataka tupande hadi maporomoko ya Fourteen Falls ya Mto Athi, kisha tuufuate Mto Nairobi hadi katikati ya mji, na safari hii tuchukue chupa za kutekea sampuli. Nimemwambia nitaomba vifaa vya maabara shuleni, na kwamba wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wameshaniuliza kama gari lina nafasi.